Mkataba wa Kuzuia Utesaji: Mbona Bado Hatujauridhia?

Hotuba ya Mratibu wa Miradi kwa kamati za sharika, Kikatiti



Wengi wenu mmewahi kupeleka sabuni na nguo kwa mahabusu. Mnajua mnapoishia: sehemu ya wageni, askari amesimama pembeni. Aliyepigwa atawaambia nini hapo? Atasema, "Sijambo, poleni na safari."

Katiba yetu, Ibara ya 13(6)(e), inakataza mtu kuteswa. Hilo tunalishukuru. Lakini Mkataba wa Umoja wa Mataifa Dhidi ya Utesaji, wa mwaka 1984, Tanzania haijauridhia. Uganda iliuridhia mwaka 1986, Burundi 1993, Kenya 1997 na Rwanda 2008.

Mkataba huo una Itifaki ya Hiari ya mwaka 2002, na mimi naona uzito wote uko humo. Nchi ikiiridhia, wakaguzi huingia mahali popote wanaposhikiliwa watu, hata chumba cha mahabusu cha kituo kidogo cha polisi, na huzungumza na mfungwa faraghani. Nchi nayo huunda chombo chake cha ukaguzi. Burundi iliikubali mwaka 2013, Rwanda 2015. Kwa hiyo tusiambiwe kwamba ni mambo ya matajiri.

Tume yetu ya Haki za Binadamu na Utawala Bora tayari inaruhusiwa kisheria kutembelea magereza. Pa kuanzia papo.

Kwa Ibara ya 63, mikataba ya namna hii huridhiwa na Bunge. Basi mbunge akija kwenye harambee, mkishamshukuru, mumwulize: lini?