Bili ya Stima Msimu wa Baridi: Someni Mita Kabla ya Kulaumiana
Hotuba kwa wenye majengo ya biashara na wapangaji wao



Kila mwaka, kati ya Juni na Agosti, bili za stima huzua ugomvi katika majengo ya nyanda za juu. Mwenye jengo hushuku kwamba mpangaji ameficha hita chini ya meza. Mpangaji naye hushuku kwamba analipishwa stima ya wengine kupitia mita ya pamoja. Wakati mwingine wote wawili wamekosea.

Linganisheni uniti kwanza, si shilingi. Gharama ya mafuta na ile ya ubadilishaji wa fedha za kigeni hubadilika kila mwezi, kwa hivyo pesa zaweza kupanda uniti zikabaki palepale. Tazameni pia tarehe za kusomwa kwa mita. Bili ya siku 35 hailingani na ya siku 28.

Ikiwa uniti zimepanda kweli, someni mita jioni mkifunga, na asubuhi kabla ya kufungua. Fanyeni hivyo siku 7, Jumapili ikiwemo. Zoezi hili halina gharama, na hufichua mengi kuliko kupekua ofisi za watu. Hita ya kilowati 2 ikiwaka kwa muda wa saa 8 hula uniti 16. Hita kumi ni uniti 160 kwa siku. Hizo zitaonekana mchana.

Uniti zikienda usiku, kagueni paa. Hoteli nyingi hupasha maji kwa jua, na tangi lina koili ya umeme ya kusaidia siku za mawingu. Julai mawingu ni tele. Koili isiyo na taima hukesha ikiwaka kila maji yanapopoa, na kukipambazuka maji tayari ni moto. Jua kidogo linalochomoza halina kazi. Maji ya bomba nayo huingia yakiwa baridi zaidi. Kupasha lita 200 kwa nyuzi 5 za ziada hula zaidi ya uniti 1. Mfereji wa maji moto unaodondoka usiku kucha pia unalipiwa.

Friji ya bucha, kwa upande wake, inapaswa kula kidogo wakati wa baridi. Isipopunguza, angalieni mpira wa mlango.

Vipimo vyote viandikwe na kubandikwa mlangoni, mwenye jengo na wapangaji wakishuhudia, kabla bili haijagawanywa. Kazi ya nyaya aachiwe fundi mwenye leseni ya EPRA.