Kijana Arudipo Nyumbani



Mwezi wa Aprili 2015, baada ya watu 148 kuuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, Serikali ya Kenya ilitangaza msamaha kwa vijana waliojiunga na Al-Shabaab huko Somalia, mradi wajisalimishe katika siku 10. Baadhi yao walitoka makwao wangali wadogo, wakidanganywa kwa ahadi ya mshahara.

Lakini msamaha wa Serikali pekee haumrudishi mtu kwao. Arudiye huwaogopa wenzake wa zamani, wamwitao msaliti. Huwaogopa askari pia, na jirani humwepuka. Basi mzazi na ampokee, fundi na amfunze kazi. Huyo ndiye awezaye kuwaonya wadogo zake wakamsadiki, maana kupotea njia ndiko kujua njia.