Upepo wa Ubavuni na Ndege Ndogo



Leo tuzungumze juu ya ndege ndogo na upepo. Wengi wetu hapa Nyamagana hatujapanda ndege. Lakini mtumbwi tunaujua.

Mtu anayevuka kutoka Mwanza kwenda Kamanga, upepo ukimpiga ubavuni, hufanyaje? Haielekezi pua ya mtumbwi Kamanga penyewe. Huielekeza pembeni kidogo, upande unakotoka upepo. Asipofanya hivyo atasukumwa mbali. Basi, rubani naye ni hivyo hivyo. Ndege huja imekaa upande upande, kumbe inafuata njia ya kutua sawasawa. Ukiitazama kutoka chini utasema rubani amelewa! Hajalewa. Ndiyo kazi yenyewe.

Shida iko chini. Mtumbwi hauna magurudumu, ndege inayo. Magurudumu yakigusa ardhi na pua bado imeelekea pembeni, ndege huvutwa nje ya njia. Kwa hiyo rubani huinyosha pua kwa usukani wa mkia karibu sana na kugusa. Tena hulilaza kidogo bawa la upande wa upepo. Akichelewa, upepo huingia chini ya bawa hilo na kuliinua. Bawa la pili hupiga chini. Ndege huzunguka, huvunjika miguu, pengine hupinduka.

Ndege ya Cessna 172 huchukua watu 4. Ikijaa, uzito wake ni kama kilo 1,100 tu. Walioitengeneza walionyesha kuwa inatua katika upepo wa ubavuni wa kilometa 28 hivi kwa saa. Dhoruba za ziwani kwetu hupita hapo.

Rubani akiona haiwezekani, huongeza nguvu za injini na kupaa tena. Huzunguka, au huenda kiwanja kingine. Hapo abiria hunung'unika: tumechelewa, nauli yetu! Sisi tunasema, mwacheni.

Hali ya hewa ya ziwa hili si mchezo. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air, kubwa kuliko hizi tunazozisema, ilikuwa ikienda kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Ilianguka ziwani, karibu kabisa na kiwanja. Ilikuwa na watu 43. Walikufa 19. Wavuvi ndio waliowahi kufika, na mitumbwi yao.

Siku mkifika kiwanja cha ndege, tafuteni mfuko mrefu wa kitambaa juu ya mlingoti. Ukijaa upepo na kukatisha njia ya kutua, huo ndio upepo wa ubavuni.