Tulivyoona: Msafiri wa Kiswahili Barani Ulaya na Lugha ya Jiografia Kandokando ya Ziwa



Nazungumza nanyi katika jiji hili la Mwanza. Mada yangu inahusu ziara za kijiografia barani Ulaya. Huenda wapo wanaojiuliza mtaalamu wa isimu anatafuta nini katika shamba la wanajiografia. Jibu langu ni fupi. Mwanajiografia huianza kazi yake kwa macho, lakini huimaliza kwa maneno. Na maneno ndiyo kazi yangu.

Mwanza ina udugu na miji miwili ya Ulaya: Würzburg, Ujerumani, tangu mwaka 1966, na Tampere, Finland, tangu mwaka 1988. Udugu wa namna hiyo huzaa safari. Swali ninalotaka kuliweka mbele yenu ni hili: kijana wa Kitanzania anaposimama kando ya mto au mlima wa Ulaya akiwa na daftari mkononi, anaiona nchi ile kwa maneno ya nani? Hoja yangu ni kwamba Kiswahili kilikwisha kuifanya kazi hiyo zamani, na kwamba kuiacha kunatugharimu hata katika kuijua nchi yetu wenyewe.

Waliotutangulia

Mwaka 1887 ilifunguliwa mjini Berlin Seminari ya Lugha za Mashariki. Kati ya mwaka 1891 na 1895 Kiswahili kilifundishwa huko na Amur bin Nasur, mtu wa Unguja. Habari zake, pamoja na mambo aliyoyaona katika mji ule, zimo katika mkusanyiko wa maandishi ya Kiswahili uliotolewa na C. G. Büttner mwaka 1894. Baada yake alikuja Salim bin Abakari, Mngazija, aliyemtumikia Dk. Theodor Bumiller na kufuatana naye mwaka 1896 hadi Urusi na Siberia. Masimulizi ya safari hiyo yalichapishwa na Carl Velten katika kitabu cha Safari za Wasuaheli, mwaka 1901. Mtu wa visiwa vya joto alilazimika kuwaeleza watu wa pwani nchi ya baridi kali, naye alifanya hivyo kwa Kiswahili, bila kamati ya istilahi na bila kamusi sanifu.

Msafiri wa tatu anatuleta karibu zaidi na hapa tulipo. Mwaka 1931 Waafrika watatu kutoka Tanganyika walikwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza iliyochunguza suala la kuziunganisha nchi za Afrika Mashariki. Walikuwa Mtemi Makwaia wa Shinyanga, Francis Lwamugira wa Bukoba, na Martin Kayamba, mtumishi wa serikali kutoka Tanga. Wawili kati ya watatu hao walikuwa watu wa kanda hii ya Ziwa. Mwaka uliofuata Kayamba alitoa kitabu chake, Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza.

Naomba tukitazame kitenzi cha kwanza cha anwani hiyo. Kiambishi -vyo- kinaweza kurejelea vitu, na kinaweza kurejelea namna. Kwa hiyo anwani inabeba mambo mawili kwa pamoja: vitu tulivyoviona, na jinsi tulivyovitazama. Mtazamaji hakujificha nyuma ya alichokitazama. Tukitafuta maelezo ya kazi ya uwandani kwa neno moja, sidhani kama tutapata lililo bora kuliko hilo.

Waliokuja kwetu

Wakati watu wetu wakienda Ulaya, Wazungu nao walikuwa wakifanya ziara zao za kijiografia huku. Tarehe 3 Agosti 1858 John Hanning Speke aliliona ziwa hili katika pande hizi za Mwanza. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walikwisha kulijua kwa jina la Ukerewe, na wenyeji waliliita kwa neno lao la maji makuu, nyanza. Speke alilipa jina la malkia wake. Habari za njiani zilimfikia kwa kiasi kikubwa kupitia kwa Sidi Mubarak Bombay, Myao ambaye alizungumza naye kwa Kihindustani. Leo ramani yetu ina Ghuba ya Speke, Ghuba ya Emin Pasha, na mbele ya mji huu, Jiwe la Bismarck.

Majina ya mahali yana historia inayojulikana. La muhimu zaidi kwetu leo ni istilahi. Mwaka 1900 mwanajiolojia Wilhelm Bornhardt alichapisha matokeo ya utafiti wake katika iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Alikuwa ameona milima ya miamba ikisimama peke yake juu ya tambarare, akaiita kwa lugha ya kwao Inselberg, yaani mlima-kisiwa. Sitiari hiyo ni nzuri, na Mswahili yeyote angeweza kuitunga. Neno hilo sasa limo katika vitabu vya jiografia duniani kote.

Bornhardt na Salim bin Abakari walifanya jambo moja: kila mmoja aliielezea nchi ya ugenini kwa maneno ya nyumbani kwake. Tofauti ni kwamba maneno ya Bornhardt yaliingia darasani, na ya Salim yakabaki maktabani.

Gharama yake

Jiografia katika shule zetu nyingi za sekondari hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Mtoto wa Igogo au Mabatini huzaliwa kati ya mawe makubwa yaliyopandana, yale yaliyoupa mji huu sifa ya Jiji la Mawe. Afikapo sekondari hufundishwa kwamba mawe ya namna hiyo huitwa tor. Hilo ni neno la kale la kusini-magharibi mwa Uingereza, ambako vilima vya itale vya Dartmoor vina mawe kama haya. Anakariri neno, anafaulu mtihani, na pengine hatambui kwamba swali lilihusu jiwe lililo nyuma ya nyumba yao.

Hali hiyo haitokani na ugumu wa jambo lenyewe. Maji hupenya katika nyufa za mwamba ungali chini ya ardhi, huuozesha polepole kandokando ya nyufa hizo, na udongo unapomomonyoka viini vigumu hubaki vimepandana juu. Nimelieleza kwa Kiswahili, na sidhani kama yupo aliyeachwa nyuma.

Au tutazame udongo. Wasukuma, kutoka mteremkoni hadi bondeni, wana majina yao: luseni, udongo wa kichanga, itogolo, udongo mgumu usiopitisha maji kwa urahisi, na mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka wakati wa kiangazi. Mwaka 1935 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo wa kituo cha Amani, aliuita mfuatano wa udongo wa namna hii katena, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo. Mkulima alikuwa na pete za mnyororo. Milne akaupa mnyororo jina. Ujuzi wa aina zote mbili unahitajiana.

Würzburg na Tampere kwa Kiswahili

Sasa tumpeleke mwanafunzi wetu Ulaya akiwa na macho hayo. Würzburg imekaa kwenye bonde la mto Main, na mizabibu imepandwa kwenye miteremko inayoelekea kusini. Mtu wa Mwanza, aliye karibu na Ikweta, hana sababu kubwa ya kuuliza mteremko unaelekea wapi. Jua linampitia utosini. Huko atajifunza kwamba katika nchi za kaskazini jua hupita upande wa kusini mwaka mzima, na mteremko unaolielekea hupata joto zaidi. Swali hilo la kwa nini linazaliwa kutokana na uzoefu wa nyumbani.

Tampere itamshangaza zaidi, kwa kuwa nayo ni mji wa ziwani. Imejengwa kati ya maziwa mawili, Näsijärvi na Pyhäjärvi, ambayo yanapishana kimo kwa takriban mita 18. Maji yanayoteremka kati yake, katika maporomoko ya Tammerkoski, ndiyo yaliyoendesha viwanda vya mji huo. Karibu nayo kuna Pyynikki, mgongo mrefu wa mchanga na kokoto ulioachwa na mito iliyopita ndani na chini ya barafu kuu ya kale. Kiingereza hukiita kitu hicho esker, neno lililotoka Ireland. Sisi tuna mgongo, kokoto na barafu. Kisha mwanafunzi na aulize: maziwa yao yalichongwa na barafu, letu je? Atajibiwa kwamba bonde la ziwa letu lilitokea pale ardhi ilipoinuka upande wa magharibi na kuigeuza mito iliyokuwa ikielekea huko. Ndiyo sababu lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, lakini kina chake hakizidi sana mita 80. Amekwenda Finland, amerudi analijua Ziwa Nyanza.

Pingamizi na mapendekezo

Wapo watakaosema kwamba istilahi hizi ni za kimataifa na hatuna budi kuzikubali. Nakubali kwamba mwanafunzi azijue. Lakini Inselberg ni la Kijerumani, esker la Ireland, katena la Kilatini, na wataalamu wa udongo wanaoandika kwa Kiingereza hulitumia neno letu mbuga. Kila neno la kimataifa lilikuwa kwanza neno la nyumbani kwa mtu fulani, ambaye hakuona haya kulitumia.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila ziara ya mafunzo, iwe ya Ukerewe au ya Ulaya, iwe na daftari la Kiswahili, na ripoti yake isomwe mbele ya watu. Pili, masimulizi ya Amur, Salim na Kayamba yachapishwe upya kwa tahajia ya leo kwa ajili ya shule. Tatu, vyuo vilivyo kandokando ya ziwa vikusanye maneno ya wavuvi na wakulima kuhusu pepo, kina, miamba na udongo, kabla wazee wenye maneno hayo hawajatutoka. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Jiografia nayo inastahili kazi ya namna hiyo.

Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Nami sisemi tuache kusafiri. Nasema tusafiri tukiwa na maneno yetu, ili turudipo tuweze kuwaambia waliobaki jinsi tulivyoona.