Tulijenga Chumba cha Upasuaji, Tukasahau Damu

Hotuba ya Kamati Ndogo ya Afya katika harambee ya mwaka ya chama chetu



Kila mwaka kamati hii husimama hapa na kuomba. Mwaka huu tutaanza kwa kuungama, kisha tutaeleza, na mwisho ndipo tutaomba.

Wengi wenu mnakumbuka siku tulipofungua chumba cha upasuaji katika kituo cha afya kule kwetu Upare, mlimani. Sisi wa mjini tulichanga, na ndugu zetu waliobaki nyumbani wakafanya msaragambo, wakabeba mawe, mchanga na maji kichwani. Tukaezeka bati, tukaweka vigae, tukapaka rangi, tukabandika jiwe lenye maandishi. Picha tukapiga. Tukarudi Dar es Salaam tukiamini kazi imekwisha.

Miezi michache baadaye mama mmoja wa huko kwetu alifanyiwa upasuaji wa kujifungua katika chumba kile kile. Mtoto alitoka salama, lakini mfuko wa uzazi haukujikaza, na damu ikaendelea kutoka. Watumishi walifanya yote waliyoweza kwa vitu walivyokuwa navyo. Kituo hakikuwa na jokofu la damu, kwa hiyo hakikuwa na damu hata chupa moja. Gari likaanza kuteremka mlima kwenda Same, usiku, mvua inanyesha. Mama yule hakufika. Mtoto wake sasa anatambaa. Familia imeturuhusu tuseme haya, na kwa heshima yao hatutaji jina.

Hatukuja kumlaumu mtumishi yeyote. Tulipokwenda kuhani tuliwauliza walipungukiwa nini, nao wakatuonyesha nakala ya barua ya mahitaji waliyotuandikia kabla ya ujenzi kumalizika. Jokofu la damu lilikuwa namba tatu katika orodha. Barua ile ilifika mikononi mwetu. Sisi wenyewe ndio tuliosema vigae vitangulie, jokofu litafuata. Kosa hilo ni letu, na tumeona ni haki mlisikie kutoka kwetu.

Tangu hapo tumekaa na waganga, wauguzi na wataalamu wa usingizi waliozaliwa kwetu, tukawaomba watufundishe. Haya ndiyo tuliyojifunza.

Mtu mzima ana damu kama lita 5. Mama mjamzito ana zaidi kidogo, lakini mimba inapokomaa, zaidi ya nusu lita ya damu hupita katika mfuko wa uzazi kila dakika. Mfuko usipojikaza baada ya kujifungua, hakuna muda wa kuteremka mlima. Ndiyo maana vita ya damu hupiganwa mapema, kabla kisu hakijashikwa.

Kwanza, kabla ya upasuaji. Mgonjwa anayefika mezani akiwa na upungufu wa damu anaweza kuuawa na kiasi ambacho mwenzake angekistahimili. Upungufu huo hutokana na malaria, minyoo, lishe duni na mimba zinazofuatana. Dawa yake ni kuhudhuria kliniki mapema, kupima wingi wa damu, na kumeza vile vidonge vya kuongeza damu ambavyo wengi huvificha kabatini kwa sababu vinachafua tumbo. Hapo hapo kliniki kundi la damu lijulikane na liandikwe kwenye kadi.

Pili, kuna karatasi. Shirika la Afya Duniani lilitunga orodha fupi ya maswali ya kuulizana kwa sauti katika chumba cha upasuaji. Ilijaribiwa katika hospitali 8 duniani, na mojawapo ilikuwa hapa kwetu Tanzania, Ifakara. Matokeo yalitangazwa mwaka 2009: katika hospitali hizo kwa jumla, vifo vilishuka kutoka 1.5 hadi 0.8 kwa kila wagonjwa 100. Swali moja katika orodha hiyo ni hili: je, mgonjwa huyu anaweza kupoteza zaidi ya mililita 500 za damu? Jibu likiwa ndiyo, awekewe njia za dripu za kutosha, na damu iandaliwe kabla ya kuanza. Swali hilo halina gharama, lakini ukiuliza “damu iko wapi?” na jokofu halipo, jibu lake linajulikana.

Tatu, wakati wa upasuaji. Daktari hufunga mishipa kwa uzi, hukandamiza, na mishipa midogo huiunguza kwa mashine ya umeme. Mashine ya kufyonza humsaidia aone damu inatoka wapi. Mgonjwa naye awekwe katika joto, maana mwili ukipoa damu haigandi vizuri. Ninyi mnaijua baridi ya mlimani mwezi wa saba. Chumba chetu kizuri chenye vigae hakina hata blanketi la kupashia mgonjwa joto.

Tena damu ipimwe, isikadiriwe kwa macho. Macho hudanganya, na mara nyingi husema damu ni kidogo kuliko ilivyo. Njia rahisi ni kupima gozi zilizolowa kwenye mizani na kutoa uzito wa gozi kavu. Gramu moja ni kama mililita moja ya damu. Mizani inayotosha kazi hiyo haizidi ile ya kupimia unga wa keki.

Nne, ipo dawa. Inaitwa asidi ya traneksamiki. Iligunduliwa Japani na mtu na mkewe, Shosuke na Utako Okamoto, katika miaka ya 1960. Kazi yake ni kuzuia damu iliyokwisha kuganda isiyeyuke tena. Mwaka 2017 yalitoka matokeo ya utafiti uliohusisha akina mama zaidi ya 20,000 waliotokwa damu nyingi baada ya kujifungua. Waliopewa dawa ndani ya saa 3 walipungukiwa na vifo vya kutokwa damu kwa karibu theluthi moja. Baada ya saa hizo 3 faida haikuonekana, na wataalamu wamekokotoa kwamba kila dakika 15 za kuchelewa hupunguza faida yake kwa asilimia kama 10. Dawa hii ni lazima iwe kituoni, si Same wala Moshi.

Hata hivyo dawa haijazi mishipa iliyokauka. Aliyekwisha kupoteza damu nyingi anahitaji damu ya binadamu mwenzake, na hiyo hakuna kiwanda kinachoitengeneza.

Sasa tunaomba mambo mawili.

La kwanza ni fedha. Tunataka jokofu halisi la damu, linalotunza nyuzi 2 hadi 6 mchana na usiku. Jokofu la nyumbani halifai. Tunataka umeme wa jua wa kulilinda umeme wa gridi unapokatika, mashine ya kufyonza, mashine ya kuunguza mishipa, mizani, na vifaa vya kumpasha mgonjwa joto. Bei ziko katika ukurasa wa bajeti wa kijitabu hiki. Mtaona pia fungu la matengenezo ya miaka mitatu, kwa sababu mashine iliyoharibika bila fundi ni kabati tu. Jiwe la maandishi safari hii halimo.

La pili ni mikono yenu. Damu hukaa jokofuni siku 35 tu, kwa hiyo mchango wa mara moja hautoshi. Wachangiaji wakubwa wa damu ni wanafunzi wa sekondari, na mwezi wa Desemba shule zimefungwa. Desemba hiyo hiyo ndiyo sisi tunayopanda mlima kwa wingi kwenda kula sikukuu. Tunaomba kila mwenye umri wa miaka 18 hadi 65, mwenye kilo 50 au zaidi na afya njema, akifika nyumbani achangie. Mwanamume anaweza kurudia kila baada ya miezi 3, mwanamke kila baada ya miezi 4. Damu itapimwa chini ya Mpango wa Taifa wa Damu Salama, ambao kituo chake cha Kanda ya Kaskazini kiko Moshi.

Wapo wanaosema damu ikitolewa inauzwa. Hofu hiyo tunaielewa. Ndiyo maana tumeomba daftari la damu la kituo, bila majina ya wagonjwa, lisomwe katika mkutano wetu wa kila mwaka kama tunavyosoma daftari la fedha.

Ndugu zetu, wazazi wetu walichimba mifereji na barabara kwa msaragambo, na hakuna aliyesubiri kuambiwa asante. Tufanye msaragambo wa damu. Yule mtoto anayetambaa atakua na kutuuliza. Tungependa tuwe na la kumjibu.