Bibi Akisema "Sijambo", Mwulize Tena

Leo tuongee kuhusu babu na bibi zetu waliobadilishiwa nyonga au goti. Mtasema, "Sisi inatuhusu nini?" Inawahusu sana. Mgonjwa akiruhusiwa kurudi nyumbani, mara nyingi muuguzi wake ni wewe mjukuu.

Upasuaji huu si wa jana. Nyonga ya bandia ya aina inayofuatwa mpaka leo ilianza Uingereza mwaka 1962, kwa kazi ya daktari John Charnley. Hapa Tanzania unafanyika MOI, pale Muhimbili. Daktari anaondoa sehemu ya kiungo iliyosagika, anaweka ya chuma na plastiki. Mfupa umekatwa, lazima paume, hasa wiki za mwanzo.

Tatizo ni kwamba wazee wetu wamezoea kuvumilia. Bibi anakwambia, "Sijambo mjukuu wangu," huku amekunja uso. Dawa ameziacha, eti atazizoea. Kwa sababu anaumia, hatembei. Asipotembea, goti linakakamaa, na damu inaweza kuganda mguuni. Donge hilo likifika kwenye mapafu linaweza kuua. Kwa hiyo kumeza dawa si kudeka. Dawa ndiyo inamwezesha kutembea!

Sasa ufanye nini?

Kwanza, mwulize: "Bibi, kutoka 0 mpaka 10, panauma kiasi gani?"

Pili, mpe dawa kwa saa zilizoandikwa, asingoje mpaka azidiwe. Parasetamo isizidi vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku. Msimnunulie diklofenaki dukani bila kumwuliza daktari, inaweza kudhuru tumbo na figo. Akiwa na dawa kali kama mofini, afuate kipimo na siku alizoandikiwa tu.

Tatu, funga barafu kwenye kitambaa, mwekee dakika 15 hadi 20, kidonda kisilowe. Msimkande kwa maji ya moto wala kumchua.

Nne, aliyebadilishiwa goti msimwekee mto chini ya goti. Mguu unyooke.

Maumivu yanatakiwa kupungua polepole. Yakizidi ghafla, kidonda kikitoa usaha, akipata homa, shavu la mguu likivimba na kuuma, au akipumua kwa shida, msingoje kesho. Hospitali moja kwa moja!

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Haya, nani ana swali?