Tusome Kabla ya Kusaini

 

Tumeombwa kusema machache juu ya faida ya Kiingereza katika sheria na biashara. Sisi ni wauguzi, si wanasheria. Lakini karatasi tumesaini nyingi, na moja ilitufunza.

Tulikuja Doha wauguzi wanne, na shahada tulizosomea India kwa Kiingereza. Mtihani wa leseni tuliufanya kwa Kiingereza, tukafaulu. Mkataba wetu wa kwanza tuliusoma dakika tano, tukasaini. Mwaka ulipopita, mama wa mwenzetu akaugua Tanga. Tukaenda kwa mwajiri kuulizia tiketi ya likizo. Akatuonyesha mstari mmoja: pameandikwa "may", hapakuandikwa "shall". Neno la kwanza linamruhusu kutoa tiketi akipenda. La pili lingemlazimisha. Nauli tukachangishana.

Watoto wetu, Kiingereza chenu ni kizuri kuliko chetu. Lakini Kiingereza cha filamu na cha uwanjani si cha mkataba. Hapa Doha ipo Mahakama ya Kimataifa ya Qatar, inayoamua migogoro ya kampuni za Kituo cha Fedha cha Qatar, na kesi zake huendeshwa kwa Kiingereza au Kiarabu. Tunatamani siku moja tumwone mtoto wetu amesimama mle kama wakili. Hatafika kwa kuongea haraka; atafika kwa kusoma polepole.

Na Kiarabu msikiache. Kwa Sheria ya Kazi ya Qatar, namba 14 ya mwaka 2004, mkataba huandikwa kwa Kiarabu. Tafsiri inaweza kuambatishwa, lakini zikitofautiana, Kiarabu ndicho kinachofuatwa.

Je, Kiswahili kina kazi gani hapo? Kabla ya upasuaji hatumwulizi mgonjwa, "Umeelewa?" Kila mtu atajibu ndiyo. Tunamwambia, "Hebu tueleze kwa maneno yako utafanyiwa nini." Akishindwa, tunaanza upya, hata kama ameshashika kalamu.

Na mkataba tuufanyie hivyo hivyo. Mtoto asome Kiingereza, kisha amweleze mzazi kwa Kiswahili: mshahara kiasi gani, likizo siku ngapi, tiketi analipa nani, ukiacha kazi unatoa taarifa muda gani kabla. Kifungu tusichoweza kukieleza kwa Kiswahili, hatujakielewa. Tusikisaini mpaka tufafanuliwe, tena kwa maandishi.

Nyumbani nako jambo hili lilichukua muda. Uhuru tuliupata mwaka 1961, lakini ni mwaka 2021 ndipo Bunge lilipotunga sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Kwa miaka mingi hukumu za Mahakama Kuu ziliandikwa kwa Kiingereza, na mwenye kesi akangoja kuelezwa kama ameshinda au ameshindwa.

Wazazi, leo mkirudi nyumbani, toeni mkataba kabatini, mwiteni mtoto, mketi naye. Wanangu, msiwacheke wazazi wakiuliza neno mara tatu. Nasi tungeuliza mara tatu, tungepata tiketi.